Mawe ya Kwenye Kona

Siku Grégoire Hakorimana alipovishwa miwani ya kupima mashamba, watu wa Muheto walikuwa wameijua kwa saa mbili tu, lakini saa mbili zinatosha kumfanya mtu awe mwalimu. Kila mmoja alikuwa na la kumwambia. Usitikise kichwa. Usiangalie jua. Ukisikia sauti sikioni nyamaza, ila ikikuuliza swali sema ndiyo, maana usipoijibu inasimama na kazi inaanza upya. Ushauri huo wa mwisho ndio uliomponza.

Miwani ilikuwa ya mradi wa kuwarudisha watu waliokimbia vita kwenye mashamba yao. Ilikuwa nyeusi, nzito kuliko miwani ya kusomea, na ikivaliwa nusu saa ilichoma kwenye panja. Jean-Claude, kijana wa mradi aliyetoka Goma, aliileta kwa pikipiki ndani ya sanduku lenye sponji. Kwenye kila kizuizi cha barabarani aliifunika kwa majani ya muhogo ya kupikia sombe, kwa sababu ilikuwa na kamera yenye taa ndogo nyekundu, na katika milima hii mtu anayeonekana akipiga picha hukalishwa chini ajieleze mpaka jioni.

Uani mwa kanisa Jean-Claude aliwaonyesha inavyofanya kazi. Alitazama jani la maharage lililokuwa na madoa, na miwani ikamwandikia hewani jina la ugonjwa. Alitazama mlima, ikamwambia mteremko wake. Kisha akawaonyesha kwamba ukikitazama kitu, ukahesabu hadi tatu na kusema "jina", miwani itakuuliza kinaitwaje, na jibu lako litabaki limeandikwa juu ya kitu hicho siku zote. Chemchemi ya kijiji ikapata jina hivyo. Bibi mmoja akaomba kumwandika mbuzi wake. Mbuzi akaondoka zake, jina likabaki kwenye nyasi, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupima. Waliorudi kutoka kambini walikuta miti ya mipaka imechomwa, mingine imeng'olewa, na kila mtu alikumbuka mpaka wake ukiwa mkubwa kidogo kuliko jirani yake alivyoukumbuka. Basi mwenye shamba alivaa miwani akatembea kwenye mpaka wake mwenyewe, majirani wakimfuata nyuma kama mashahidi. Kila alipokanyaga, miwani ilichora mstari wa kijani ardhini ambao yeye peke yake aliuona, na mstari huo ndio uliorudi kutoka mjini Masisi ukiwa karatasi yenye muhuri. Hakuna mkono wa mtu uliochora. Jean-Claude alilisema hilo mara tatu, kwa fahari, na fahari yake ilikuwa ya haki.

Grégoire alianzia juu, penye kisiki cha avoka. Alitembea kwa heshima, mikono mgongoni, kama mtu anayekwenda kupokea komunyo. Nyuma yake walikuwa watu wanane, na wa kwanza wao alikuwa jirani yake wa chini, Jérémie Niyonsenga. Walishuka kando ya miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe ambayo baba zao waliipanda kutenganisha mashamba, mpaka wakakaribia kona ya chini, penye kipande pekee cha shamba kilicho tambarare.

Kwenye kona hiyo kulikuwa na mawe kumi na moja yaliyopangwa kwa urefu wa mtoto wa miaka saba. Msalaba wa mbao uliokuwa juu yake ulikuwa umeondoka na mtu aliyekosa kuni. Mawe yalikuwa yameegemea miyenzi kabisa, na ng'ambo ya miyenzi udongo ulikuwa umebomoka ukateremka hadi kwenye maharage ya Jérémie, kwa hiyo mguu haukuwa na pa kupita isipokuwa juu ya mawe yenyewe. Grégoire aliona maandishi madogo yakielea juu ya mawe, lakini yeye hakusoma shule. Alifanya kile ambacho mtu yeyote wa Muheto angefanya. Akaingia ndani ya shamba, akalizunguka kaburi kwa mbali, hatua nane kuingia na nane kutoka, akarudi kwenye miyenzi. Watu wanane waliomfuata wakapinda vilevile, mmoja baada ya mwingine, wengine wakivua kofia.

"Je, mpaka wako unapinda hapa?" miwani ilimuuliza kwa Kiswahili cha redio.

"Ndiyo," akajibu Grégoire, kama alivyofundishwa.

Mchana Jérémie naye akavaa miwani akatembea upande wake, chini ya miyenzi, akapita sawasawa, hakupinda. Alipomaliza, miwani ilimwambia kwamba kati ya mpaka wake na wa jirani kumebaki kipande, ikamuuliza kama ni chake. Jérémie pia alisema ndiyo.

*

Mkewe Grégoire, Brigitte Mukankusi, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amerudi Kashuga, kwenye kambi walikoishi miaka miwili, kuchukua sufuria mbili na turubai walizomwachia jirani wa hema. Alipofika nyumbani siku ya Jumapili, alikuta ramani za kila shamba zimebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chefu wa kijiji ili watu wazikague. Atakayeona kosa aseme kabla ya Alhamisi. Alhamisi jioni miwani ingefungwa ndani ya sanduku lake ipelekwe Walikale, ambako watu wengine walikuwa wakiingoja, na haikujulikana kama ingerudi.

Alikwenda na binti yake Solange baada ya misa, kwa sababu Solange alikuwa amemaliza sekondari na alijua kusoma ramani. Shamba lao lilikuwa na umbo zuri la mkate, ila chini kulikuwa na pengo dogo, kana kwamba mtu ameuma kipande. Brigitte aliweka kidole kwenye pengo.

"Hapa iko nini?"

Solange aliisoma ile ramani mara mbili kabla ya kujibu. Alikuwa ameliona kosa tangu Ijumaa, na hakumwambia mtu, kwa kuwa alitumaini amekosea yeye.

"Iko kona ya chini, mama. Pale kwa Uwamwezi."

"Na sisi tuko upande gani?"

"Sisi tunaishia hapa. Ile kona wameandika kwa Papa Jérémie."

Watu walikuwa wengi mbele ya ukuta, wakisikiliza huku wakijifanya wanasoma. Brigitte alifunga kitenge chake vizuri akaondoka. Njiani hakulia. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe anachonga mpini wa jembe, akasimama mbele yake akamzibia mwanga.

"Papa Solange, mutoto umemupatia nani?"

Grégoire hakuelewa. Ilibidi Solange aeleze, aonyeshe kwa kijiti mavumbini, mstari wa baba yake, mstari wa Jérémie, na kile kilichobaki katikati. Baba alitazama mchoro ule kwa muda mrefu. Alipoelewa aliweka panga chini polepole.

"Nilimuzunguka," akasema. "Watu wote walimuzunguka. Ulitaka nimukanyage?"

"Ulimupita. Wakakuuliza, na wewe ukasema ndiyo."

"Walisema kama sijibu itaanza upya."

"Ingeanza upya basi. Tulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Uwamwezi alikuwa amekufa kwa homa asubuhi ileile kijiji kilipokimbia, na baba yake alimchimbia kaburi kwenye kona ya chini kwa kuwa udongo wa pale ni laini na milio ya risasi ilikuwa karibu. Alichimba kwa jembe lililovunjika mpini. Miaka miwili ndani ya hema, usiku mvua ilipopiga, wote wawili waliwaza kona ile na hakuna aliyemwambia mwenzake. Sasa wamerudi, wana mbegu ardhini, na mtoto amebaki nje ya shamba kwa heshima ya baba yake mwenyewe.

*

Jumatatu Grégoire alivaa koti lake la Jumapili akashuka kwa Jérémie. Walikuwa wamebatizwa siku moja na wamekunywa pombe kwenye mrija mmoja tangu ujana, kwa hiyo hakutuma mjumbe. Aliambiwa akae kwenye benchi, mwenyeji anakuja. Mke wa Jérémie alipita mbele yake na kibuyu cha pombe ya mtama akawapelekea watu wawili waliokuwa wanamsaidia mumewe kukata miti, akarudi na kibuyu, akapita tena. Grégoire alitazama vidole vya miguu yake. Miti ile iliyokatwa ilikuwa ya kujengea nyumba, na hakuhitaji kuuliza nyumba ya nani wala itakaa wapi. Ngabo, mtoto wa kwanza wa Jérémie, alikuwa ameposa, na kwenye mteremko ule wote hapakuwa na ardhi tambarare isipokuwa kona moja.

Jérémie alipotokea hakukaa. Alisikiliza yote amesimama, akikuna kidevu.

Si mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu itakuwa rahisi kumchukia. Nyumba yake ilichomwa na kila kilichokuwa ndani, na mtoto wake alihitaji mahali pa kuanzia maisha. Mtu aliyepoteza kila kitu akipewa kipande na mashine ya serikali, au anayodhani ni ya serikali, mikono yake hufumba yenyewe. Alisema kaburi hangeligusa. Angelizungushia fito, na Grégoire na mkewe wangekuja wakati wowote, wabishe hodi tu.

"Nibishe hodi kwa mutoto wangu?" Grégoire aliuliza.

"Mimi sikuiba kitu ya muntu. Lineti ya kupima njo ilisema."

"Lineti haijue kitu. Wewe unajua. Baba yako na baba yangu walipanda ile miyenzi pamoja."

Jérémie aliangalia ile miti yake iliyokatwa. Wale wasaidizi wawili waliacha kazi ili wasikie vizuri. Pengine kama wasingekuwepo, angesema jambo lingine.

"Kama unajua iko yako, Alhamisi uipite na miguu yako," akasema. "Mimi nitakuwa pale. Sitasema ndiyo, sitasema hapana."

Grégoire alisimama, akashukuru kwa benchi, akapanda mlima. Njiani alivua koti akalibeba mkononi, maana jasho lilikuwa linamtoka na koti lilikuwa moja.

*

Jean-Claude alikuwa amepanga chumba nyuma ya kituo cha afya. Jioni ileile walimkuta anafuta vioo vya miwani kwa kitambaa kidogo cha kijivu, kazi aliyoifanya kila baada ya saa moja, kwa sababu ukungu wa Masisi uliingia mpaka ndani ya sanduku lake. Alimpa Brigitte kiti, Grégoire akakaa kitandani, Solange akabaki mlangoni.

Brigitte alimwambia amsaidie jambo dogo. Achukue kalamu, au kidole, au chochote wanachotumia watu wa mradi, autoe ule mstari ndani auweke nje, hatua nane tu. Kijana akatikisa kichwa kabla hajamaliza. Aliwaambia kwamba hawezi, na alisema kweli. Aliwafungulia kompyuta yake wakaona pengo lao kwa rangi ya kijani, akagusa mstari kwa kidole, mstari haukusogea.

"Mama, walitengeneza machine hii ivo ili mimi nisiweze kuvuta limite, mupaka ya shamba, na mukono yangu," akasema. "Kwingine ma-agents walikuwa wanakula mbuzi ya watu na kuvuta. Kurekebisha iko ya kutembea tu. Mwenye shamba ao bibi yake, na jirani akiwa pale."

"Basi nitatembea," Grégoire akasema. "Nitapita ng'ambo ya miyenzi."

"Ng'ambo ilibomoka, papa. Ukishuka pale itaandika uko kwa Papa Jérémie. Lazima upite kwenye limite yenyewe."

"Kwenye limite yenyewe kuko mutoto."

Jean-Claude alizima kompyuta. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwahi kufundishwa la kusema mahali kama hapo. Alipanda nao kilima mpaka kwenye mtandao, akampigia mkuu wake Goma mbele yao, simu ikiwa na sauti wazi. Mkuu alikuwa mtu wa adabu. Alisema anasikitika sana, lakini akifungua mlango kwa kaburi moja, kesho ataambiwa kila kona ina kaburi. Akauliza kama kaburi lina saruji au alama yoyote inayoweza kuonekana na kamera. Jean-Claude akawatazama. Grégoire akasema kuna mawe.

"Mawe tu?" ilisema simu.

"Mawe kumi na moja," akasema Grégoire.

Walirudi nyumbani. Kwao mtu hakanyagi kaburi. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo, na hakuna mtoto anayeambiwa mara mbili. Hata mbuzi akipanda juu ya kaburi hupigwa. Jumanne na Jumatano Brigitte alilala upande wa Solange, na Grégoire alikwenda mara tatu kwenye kona kupima kwa macho kama kuna nafasi ya mguu kati ya mawe na miyenzi. Haikuwepo. Alifikiria kuhamisha mawe kidogo, lakini mawe ukiyahamisha, mtoto bado yuko palepale.

*

Alhamisi ukungu ulishuka asubuhi ukakaa. Miwani haikuona ardhi ndani ya ukungu, kwa hiyo watu wakangoja chini ya paa la kanisa, Jean-Claude akitazama betri kila mara kama mama anayetazama chungu cha maziwa. Walipoondoka saa nne ilikuwa imebaki chini ya nusu. Baridi inaila, alisema, na bado alikuwa na safari ya kwenda Walikale jioni hiyohiyo.

Jérémie alikuja, kama alivyoahidi, na mabuti yake ya mpira na mikono kifuani. Watu wengine ishirini walikuja bila kualikwa.

Grégoire alishuka vizuri kutoka kwenye kisiki cha avoka. Alipofika penye mawe alisimama. Watu waliona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Tafadhali endelea mbele," ilisema miwani, na kwa kuwa Jean-Claude alikuwa amefungua sauti, wote waliisikia.

Aliinua mguu wa kulia, akaurudisha. Aliuinua tena, na safari hii mwili wake ulipinda wenyewe kuingia shambani, kama punda anayejua njia yake. Jean-Claude alimwita kwa upole, akafuta mstari, wakaanza upya kutoka kwenye mti wa karibu. Mara ya pili Grégoire alifika kwenye jiwe la kwanza akasimama tena. Uso wake ulikuwa umelowa chini ya vioo. Mwanaume wa miaka hamsini na nne alikuwa analia mbele ya kijiji kizima, na vioo vikapata ukungu kwa ndani.

"Kamera haioni, papa," Jean-Claude akasema kwa sauti ndogo. "Na batterie iko kumi na mbili kwa mia."

"Siwezi," Grégoire akasema. "Mimi njo nilimufunika. Siwezi."

Jérémie alikuwa anatazama maharage yake. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Grégoire akavua miwani, na hakujua ampe nani.

Brigitte akaichukua. Aliifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, ikateleza hadi puani kwa kuwa ilikuwa kubwa. Solange akamfungia nyuma ya kichwa kwa kamba ya kitambaa chake cha nywele. Jean-Claude akamwambia aseme jina lake, akalisema. Kisha akavua kandambili zake, akaziweka pamoja kando ya njia, kama anavyoziacha kwenye mlango wa nyumba.

Brigitte alikuwa amesoma shule mpaka mwaka wa nne na alisoma Biblia yake kila siku. Alipotazama chini aliona vizuri kile ambacho mumewe hakuweza kukisoma. Juu ya mawe kumi na moja, kwa herufi nyeupe safi, miwani ilikuwa imeandika: MAWE. UNAWEZA KUPITA.

Alisimama akayasoma mpaka mwisho, akaanza tena. Mashine iliyojua ugonjwa wa jani la maharage haikujua kile. Hakukasirika nayo. Nani angeiambia?

Akaweka mguu juu. Watu wakashusha macho, wote, hata Jean-Claude. Mawe yalikuwa baridi. Alipiga hatua ya pili, na alipokuwa katikati, miguu yote miwili juu ya mtoto wake, akasimama.

"Tafadhali endelea mbele."

"Nitaendelea," akasema Brigitte. "Uningoje kidogo."

Alitazama chini. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama walivyoambiwa watu uani mwa kanisa, kwani Solange alikuwa amemsimulia kisa cha mbuzi ili acheke, na hakucheka, lakini alikishika.

"Jina," akasema.

"Kitu hiki kinaitwaje?"

"Uwamwezi."

"Uwamwezi," ilirudia miwani kwa sauti yake ya redio, ikilitamka vizuri kabisa. "Je, jina hili ni sahihi?"

"Ndiyo."

Maandishi ya kwanza yakafutika, jina likakaa pale. Brigitte akalisoma. Kisha akamaliza hatua zilizobaki, akashuka upande wa pili, akaendelea kando ya miyenzi bila kugeuka, na mstari wa kijani ukamfuata hadi kwenye kona na kuipita. Alipofika penye njia akakaa kwenye nyasi zilizolowa. Solange akamvua miwani. Alama mbili nyekundu zilikuwa zimebaki kwenye panja zake.

Ilibaki kuulizwa jirani. Jean-Claude alimgeukia Jérémie, ambaye alisema hatasema ndiyo wala hapana, na kila mtu alijua kwamba akinyamaza, jambo linakwenda mahakamani Masisi, na mahakamani watu huzeekea. Jérémie alikuwa amesimama mbele ya mawe. Hakuna aliyeona ni saa ngapi alikuwa amevua mabuti yake. Yalikuwa mkononi, na miguu yake myeupe kwa baridi ilikuwa kwenye matope.

"Limite iko pale mama alipita," akasema. "Tangu wakati ya baba zetu iko pale. Andika."

Akashuka kwake na mabuti mkononi. Ngabo alijengewa nyumba mwezi uliofuata mahali pabaya, penye mteremko, na walichimba wiki mbili kupasawazisha. Grégoire alikwenda kuchimba nao siku sita. Hawakulizungumza jambo lile, na siku ya saba mke wa Jérémie alimpa mrija.

*

Karatasi ilikuja na pikipiki ya mtu aliyetoka Masisi, ndani ya bahasha ya plastiki. Walikuwa wanakunywa chai. Solange akaifungua mezani, akaweka vikombe pembeni, akawasomea jina la baba, jina la mama, jina la kijiji, ukubwa wa shamba. Pengo halikuwepo. Umbo la mkate lilikuwa kamili.

Chini ya ramani kulikuwa na orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye mpaka, kama zilivyo karatasi zote za mradi. Solange akasoma: kisiki cha avoka, mti wa miyenzi, mti wa miyenzi, jiwe kubwa. Akasogeza karatasi karibu, akasoma na kile kilichofuata.

Brigitte alikuwa amegeukia dirisha. Grégoire aliweka kikombe chini.

"Nionyeshe fasi wameandika jina," akamwambia binti yake.

Solange alikishika kidole cha baba yake, kile kinene kilichopasuka kwa jembe, akakiweka juu ya jina. Grégoire alikaa hivyo, ameinama juu ya karatasi asiyoweza kuisoma, na kidole hakukiondoa mpaka chai ikapoa.